Mkalimani na Kaseti za Eda

Mkalimani hakuwahi kusema "anasema kwamba." Shahidi akieleza mbele ya hakimu kuwa alimwona mtu akiruka ua, Mkalimani aligeuka na kusema kwa Kiingereza: mimi nilimwona mtu akiruka ua. Mwizi akikiri, Mkalimani alikiri. Mwanamke akilalamika kuwa mumewe hamlishi, Mkalimani, mwanamume mwenye ndevu za mvi na miwani ya fremu nyeusi, alimkazia macho hakimu na kulalamika kuwa mumewe hamlishi. Wageni walicheka. Wenyeji wa Bagamoyo hawakucheka, walikwisha kuzoea kuwa mtu huyu, katika asubuhi moja tu, angeweza kuwa wezi wawili, mjane, na mlinzi wa minazi aliyelewa tembo.

Nilimfahamu kwa sababu nilipanga chumba cha uani katika nyumba ya dada yake, Bi Salma. Nilikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi, nimehamishiwa pale kutoka Pangani, miaka ya mwanzo ya sabini. Jina lake kila mtu alilijua na hakuna aliyelitumia. Hata dada yake alimwita kaka alipomhitaji, na Mkalimani alipomkasirikia.

Wengi wanamkumbuka kwa kazi ya mahakama. Mimi namkumbuka zaidi kwa kitabu kimoja cha upelelezi cha Waingereza, alichokisoma kwa Kiswahili na kukitia katika kaseti, na kwa jinsi kitabu hicho kilivyotaka kuvunja ndoa ya Zuhura, mkamwana wa Bi Salma.

Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa kavu, kama ya mtu anayetoka katika mafua, lakini kila neno lilifika likiwa zima. Mahakamani alivaa koti jeusi lililopauka mabegani. Nje ya mahakama, kanzu na kofia. Viatu alivipiga rangi mwenyewe kila alfajiri, hata siku za kwenda Miono pamoja na hakimu, ambako vingezama topeni mara tu ashukapo garini. Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema tope ni la Miono, viatu ni vyake.

Alikuwa na swali moja ambalo mji mzima ulilijua: "Ulimwona, au uliambiwa?" Siku moja nilikuwa nyuma yake sokoni, muuza samaki akamwambia, "Mkalimani, nasikia kule Kaole papa kamla mtu mguu."

"Umeuona mguu?"

"Sijauona."

"Huyo mtu je?"

"Naye sijamwona."

"Basi nikatie kolekole."

Lakini mtu huyohuyo, dakika moja baadaye, alimwapia muuza samaki kuwa jana kapewa kolekole mkubwa kuliko yule kwa nusu ya bei, na haikuwa kweli. Kwenye bao alikuwa mwizi wa kete, tena mwizi anayewahi kupiga kelele kwamba ameibiwa. Rafiki zake walipomsuta kuwa mtu wa kiapo hafai kuiba kete, alijibu, "Kiapo nimekiacha mahakamani kimetundikwa pamoja na koti." Nilichelewa kuelewa kuwa hakuona mgongano wowote. Maneno yake mwenyewe alijiona huru kuyachezea. Maneno ya watu wengine alikuwa hayagusi.

Kaseti zilianza mume wa Bi Salma alipofariki. Alikuwa mfanyabiashara wa mbata, yaani nazi kavu, mtu mpole, na mjane wake akakaa eda kama inavyopasa: nguo nyeupe, kutotoka nje, kutoonana na wanaume wasio maharimu, mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Kwa mwanamke mwingine jambo hili lingekuwa zito. Kwa Bi Salma lilikuwa zito mara mbili, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kwenda. Harusi yake, msiba wake, mtoto kazaliwa mtaa wa pili naye yuko. Sasa alikuwa anakaa juu ya mkeka ukumbini, anauliza kila anayeingia kuna nini huko nje.

Mkalimani, kwa kuwa ni kaka yake, aliruhusiwa kuingia, lakini mara nyingi alikuwa safarini na hakimu. Alikuwa na rekoda ya kaseti aliyoletewa na mkwewe baharia, na sanduku la vitabu aliloachiwa na hakimu mmoja Mwingereza aliyerejea kwao. Akachagua kitabu kimoja kilichokuwa kimepoteza jalada, akajifungia katika ghala nyuma ya nyumba yake, akatundika mikeka ukutani ili sauti isirudi, akaanza.

Alisoma sentensi kimya kwa Kiingereza, kisha akaisema kwa Kiswahili. Kwa hiyo kaseti zilijaa vituo, na ndani ya vituo ulisikia ukurasa ukigeuzwa na koo likisafishwa. Wanawake waliokuja kusikiliza walijifunza kuwa kituo kirefu maana yake kuna baya linakuja. Azana ikilia hakuizima mashine. Alinyamaza, ukasikia mwadhini wa mji wetu ndani ya jumba la Uingereza, na Mkalimani akimwitikia kwa sauti ya chini, kisha akaendelea.

Kisa chenyewe kilikuwa cha bibi tajiri aliyekutwa chumbani amekufa kwa sumu. Kila alasiri mpwa wake wa kike alimpelekea chai kwenye sinia. Mkalimani hakubadilisha hata jina moja, lakini majina yale yaliwashinda wasikilizaji, na mpwa yule wakamwita Bi Sinia. Mpelelezi aliyetoka London alikuwa Inspekta tu.

Mjadala ulikuwa mtamu kuliko kitabu. "Nyumba kubwa kama boma, na hana hata mtu wa kulala naye chumba kimoja?" aliuliza Bi Rukia, jirani yetu. "Huyo alikwisha kufa zamani, hiyo sumu imemkuta tu."

Mkalimani aliporudi kutoka safari moja, dada yake alimsubiri na lake. "Kaka, huyo mbwa analala kitandani kwa bibi. Kaandika hivyo mwenyewe?"

"Kaandika hivyo."

"Na wewe ukaona sawa kunitilia kwenye kaseti, nami niko edani?"

"Mimi si mwenye mbwa, dada."

Siku nyingine walimbana kuhusu urithi, maana katika kitabu watu wote walishukiwa kwa kuutaka. Bi Rukia, aliyekuwa binti wa kadhi na hakuacha mtu asahau, alisema kisa hakina miguu: muuaji harithi, kila mtu anajua, basi nani amuue bibi kwa mali asiyoweza kuipata? Mkalimani alilifikiri swali lile kwa heshima kabisa. "Kwao pia harithi," akasema, "akikamatwa. Ndiyo maana kuna kitabu."

Mtu mmoja hakuwa katika mijadala hiyo. Zuhura, binti wa watu wa Kaole, alikuwa ameolewa na Athumani, mwana pekee wa Bi Salma, na ndoa yao ilikuwa haijatimiza mwaka. Alikuwa msichana wa maneno machache na mikono myepesi. Wanawake waliposikiliza, yeye alikuwa jikoni akiwapikia hao wasikilizaji, na kila alasiri alimletea mama mkwe wake chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Alivileta kwa sinia, kama vinavyoletwa katika kila nyumba ya heshima.

Masika yalipoanza, Mkalimani alikwenda Miono na hakimu akaacha kaseti moja. Mwishoni mwake askari wa kijijini, mtu mwenye pupa, anamfunga Bi Sinia kwa kosa la kumtilia bibi sumu. Kitabu kilikuwa bado na sura nyingi, lakini pale sura ilikwisha, na Mkalimani alisema yale tu aliyosema kila mara: "Naishia hapa." Mtu mwingine angeongeza neno, angesema kisa kinaendelea. Neno hilo halikuwa limeandikwa, naye hakuliongeza.

Mvua ikakata barabara na Mkalimani akakwama Miono. Bi Salma akaamini kitabu kimekwisha na muuaji amepatikana. Akaisikiliza kaseti ile tena na tena. Betri zikichoka, tulizianika juani kidogo na kuzirudisha. Nikaanza kuona anavyomtazama Zuhura anapotua sinia. Kwanza alikuwa anatazama sinia. Kisha mikono.

Halafu siku moja, baada ya chai, tumbo lilimkata. Lilimshika mpaka asubuhi. Athumani alipoingia kumjulia hali, mama yake alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, mimi nilikunywa chai ya mkeo." Bi Rukia, aliyekuwa ameketi pembeni, akaongeza kuwa hata yule bibi wa kwenye kaseti alianza na tumbo.

Athumani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumwogopa mama yake, hasa mama aliyevaa nyeupe. Alikwenda uani akamwambia mkewe, "Nenda kwenu ukapumzike kidogo." Pwani nzima inajua maana ya maneno hayo. Mwanamke akiambiwa akapumzike kwao, kinachofuata ni talaka, kinachongojwa ni mtu wa kuipeleka tu.

Zuhura alifunga nguo zake katika kanga. Nilimsaidia kufunga fundo. "Mwalimu," akaniambia, "mimi hata hicho kitabu sijakisikia."

Mkalimani alirudi viatu vikiwa havitambuliki. Aliingia ukumbini, akamwamkia dada yake, akatazama huku na huku. "Zuhura yuko wapi?"

"Muulize Inspekta wako," alisema Bi Salma.

"Inspekta hajamaliza kazi."

"Kaseti imekwisha, na Bi Sinia kafungwa."

"Kaseti imekwisha, dada. Kitabu bado."

"Hukusema."

"Halikuandikwa, sikusema."

"Basi sema sasa. Ni yeye, au si yeye?"

Nilitazamia atajibu, jambo liishe pale. Hakujibu. "Yule ni msichana wa Kiingereza wa kitabuni. Huyu ni binti wa watu, yuko Kaole analia. Nikikwambia si yeye, utamrudisha Zuhura kwa kitabu, kama ulivyomfukuza kwa kitabu. Ulimwona akitia kitu katika chai?"

"Sikumwona."

"Uliambiwa?"

"Tumbo liliniambia."

"Siku ile ulikula nini?"

"Ninachokula siku zote," alisema Bi Salma, akaanza kuvuta nyuzi za mkeka.

Mkalimani alikuwa ametazama mashahidi wengi wakivuta nyuzi za namna hiyo. Hakumbana. Alitia kaseti tupu katika rekoda, akaiweka mbele ya dada yake, akanionyesha kitufe chekundu. "Mwalimu atabonyeza. Eleza siku ile yote tangu ulipoamka. Mimi natoka. Sitaisikiliza hata siku moja. Utaisikiliza wewe."

Akatoka kweli, nikabonyeza. Bi Salma alianza kwa sauti ya kushitaki, kisha mashine ilipokaa kimya bila kumbishia, akaanza tu kusimulia. Aliamka, akaswali, akala uji. Bi Rukia akapita. Baada ya adhuhuri akanywa sanamaki, maana tangu akae edani tumbo limefunga, na Rukia kamletea ya Unguja, akaona ya kwanza haifanyi kazi akachemsha nyingine akaongeza. Kisha ikaja chai. Hakusita hata kidogo. Sanamaki ni majani ya kulainisha tumbo, na mwanamke wa rika lake hawezi kuyataja mbele ya kaka yake hata akifa. Mbele ya mashine hakuona haya.

Nikarudisha kaseti, tukasikiliza. Mwanzoni alishangazwa na sauti tu. "Huyo mimi? Nina sauti ya mama kabisa." Kisha tukafika kwenye sanamaki, akainua mkono. "Simamisha. Rudisha hapo." Tukasikia tena. Akataka mara nyingine. Mwisho akasema, akiwa anatazama ukuta, "Mwalimu, hivi chai ile ilikuwa na kosa gani?"

"Mimi sikuinywa, mama."

"Najua hukuinywa," akasema. "Najua."

Sasa ikawa shida nyingine. Mkosaji alikuwa mtu mzima, mkosewa alikuwa mkamwana, na mkosaji yuko edani, hawezi kuvuka kizingiti kwenda Kaole. Athumani akashauri kuwa mjomba aende amsemee mama. Nani angefaa zaidi? Mkalimani akakataa papo hapo. "Nimewasemea wezi wa wilaya nzima," alimwambia dada yake. "Hili simsemei mtu."

Kwa hiyo Bi Salma alisema mwenyewe, nami nikabonyeza tena. Sitaandika yote. Alianza, "Zuhura mwanangu, ni mimi mama yako wa Bagamoyo," na alipofika kwenye sanamaki aliitaja kwa jina lake bila kuifunika.

Tulikwenda Kaole, mimi na Mkalimani. Yeye alibaki kibarazani na baba yake Zuhura wakizungumza habari za mihogo na nguruwe waharibifu, mimi nikaingia ndani na rekoda. Mama yake Zuhura aliitazama mashine kwa muda mrefu. "Mkwe wangu ananitumia redio?"

"Hawezi kutoka, mama. Yuko edani."

"Najua yuko edani. Mlango uliomfunga yeye ulikuwa wazi sana kwa mwanangu."

Nikabonyeza kitufe. Walisikiliza mpaka mwisho. Kwenye sanamaki Zuhura alifunika mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakamtikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka aliponiomba nirudishe pale. Alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Nimemsamehe," akasema. "Kurudi ni jambo jingine."

Alisogea nyuma ya pazia la mlango. "Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kitabu nilichofukuziwa sikijui. Nataka nikisikie chote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha nitasema."

"Mwisho sijausoma bado kwenye kaseti."

"Basi usome, mjomba."

Baba yake akaanza kumkemea kwa ujeuri wake. Mkalimani akamzuia. "Mwache. Mshitakiwa husomewa mashitaka yote."

Rekoda na kaseti zote zikabaki Kaole. Mkalimani akaazima mashine ya jirani, akajifungia ghalani. Kazi ambayo kwa kawaida aliimaliza haraka, safari hii ilimchukua muda. Alitoka bila kaseti, akatembea ufukweni, akarudi ghalani. Ilipokwisha hakumpa dada yake, naye Bi Salma, aliyekuwa na hamu ya mwisho ule kuliko binadamu yeyote, hakuiomba. "Atangulie yeye," alisema.

Zuhura alirudi kabla ya eda kwisha. Alikuja na baba yake, aliyeishia barazani, na rekoda na kaseti katika kikapu. Bi Salma alimngoja upande wa ndani wa kizingiti, mahali mguu wake ulipokuwa na ruhusa ya kufika, akampokea kikapu. Hawakusema mengi. Alasiri ile wanawake walikusanyika kusikiliza mwisho, na Zuhura akaketi ukumbini pamoja nao. Chai ilipikwa na Bi Rukia, ambaye hakuna aliyemwomba na hakuna aliyemzuia.

Muuaji alikuwa wakili wa yule bibi. Wanawake waliguna kwa kuridhika. Kisha kikaja kituo kirefu, kirefu kuliko vyote, halafu sauti kavu ya Mkalimani ikaendelea. Bi Sinia anatolewa jela. Jamaa wanamsihi akae katika jumba lile, chumba chake kipo, hakuna anayemshuku tena. Bi Sinia anachukua mfuko wake, anaondoka, na hawamwoni tena. "Naishia hapa," alisema Mkalimani, na ukumbi mzima ukamgeukia Zuhura. Alikuwa amekwisha kuusikia mwisho ule peke yake kule Kaole, na hata hivyo alikuwa ameketi pale, anachambua mchele.

Miaka ikapita, nikahamishwa mara mbili. Mara ya mwisho nilimwona Mkalimani Mapinga, alikohamia kulima mananasi baada ya kustaafu. Alikuwa amekonda, na miwani imefungwa uzi, lakini alinikaribisha kwa sauti ileile, akanidanganya kuwa mananasi yake ndiyo makubwa kuliko yote ya njia ya Dar es Salaam. Zuhura na Athumani walikuwa na watoto watatu, akaniambia. Bi Salma alikuwa na nguvu zake, anakwenda popote.

Nilimuuliza nililokaa nalo siku nyingi. Alipomwambia Zuhura kuwa atausoma mwisho, alikuwa anaujua?

"Kitabu nilikwisha kukisoma tangu zamani," alisema. "Niliujua."

"Na hukufikiria kumwacha Bi Sinia abaki katika lile jumba? Ni sentensi mbili tu."

"Nilifikiria. Nilizisema kabisa. Nikazisikiliza, nikazifuta." Alikata nanasi, akanipa kipande kwa ncha ya kisu. "Ningemrudisha kwa uongo, mwalimu, na kila nikimwona angekuwa ni mtu niliyemtega. Nikaona bora asirudi."

"Lakini alirudi."

"Alirudi. Na mimi, kwa kuwa sina adabu, siku moja nilimuuliza kwa nini, wakati mwenziwe wa kitabuni aliondoka. Alikuwa anafua. Hata hakuinua kichwa. Akaniambia, 'Mjomba, yule walimwomba abaki. Hakuna aliyemwomba radhi. Ningekuwa yeye, na mimi ningeondoka.'"